Mai Men Dong Tang kwa kikohozi kikavu kisichoisha: nimeinywa huku Guangzhou, China, maoni yangu haya hapa

Nianze na jibu maana najua wengi mnataka jibu tu: ndio, hii dawa inafaa, na ningeinywa tena, ila inafaa kikohozi cha aina moja, sio kila kikohozi, na hapo ndo watu wengi wanapotea. Kila baridi ikiingia huku lazima mtu aniulize dada dawa ya Kichina ya kikohozi inaitwaje, anataka jina akanunue, basi. Wachina wenyewe hawaendi hivyo. Kwao swali la kwanza ni unatoa makohozi au hutoi, ni meupe au ya njano, koo kavu au la, unakohoa mchana au usiku, na ukishajibu ndo unapewa dawa ya kwako. Hii ninayoisifu hapa ni ya kikohozi kikavu, koo limekauka linawasha, hakuna kinachotoka au kinatoka kidogo sana kinanata hakitaki kung'oka. Kama cha kwako sio hicho soma tu ujue ila usikimbilie kununua.

Changu kilianza na mafua ya kawaida, na wanaokaa Guangzhou wanajua, mji huu unyevu wake ni wa kuloanisha kuta ila kuanzia Oktoba hivi hewa inageuka inakuwa kavu mpaka midomo inapasuka. Homa ikaondoka, mafua yakaondoka, kikohozi kikabaki peke yake kama mgeni asiyejua kuaga. Mchana nafanya kazi ya mizigo pale Xiaobei, mtaa wa hapa Guangzhou wenye wafanyabiashara wengi wa Kiafrika, yaani ni kuongea asubuhi mpaka jioni, mteja wa Kariakoo anataka voisi, wa Mombasa anataka video ya mzigo, na nikiongea sentensi mbili tu koo linawasha pale chini kabisa shingoni nakohoa mpaka machozi. Usiku ndo balaa, nikilala chali tu kinaanza, mbavu zinauma, na asubuhi sauti imeenda. Sirapu za duka la dawa nilikunywa, zile za kukata kikohozi, zinakupa usingizi ila ukiamka kikohozi nacho kimeamka.

Kabla sijafika kwenye mizizi na majani, hili mnisikilize vizuri. Nilienda hospitali ya kawaida kwanza, nikapigwa picha ya kifua, nikapuliza ile mashine ya kupima pumzi, nikaulizwa maswali. Sisi tunatoka nchi ambazo TB ipo, na kanuni tunayoijua kutoka nyumbani ni kwamba ukikohoa wiki mbili unaenda kupimwa, na ukiwa unakonda, unatoka jasho usiku au makohozi yana damu hata hizo wiki mbili usisubiri. Mizizi haitibu TB. Afu kuna sababu nyingine za kikohozi kikavu ambazo hakuna chungu cha dawa kitazimaliza. Kuna pumu ambayo haina mluzi, inakuja na kikohozi tu. Kuna asidi ya tumbo inayopanda usiku ukilala. Kuna kamasi zinazoshukia kooni kwa nyuma. Na kuna hili ambalo wazazi wetu wengi wanalo bila kujua, dawa za presha za kundi la kaptopril, enalapril na lisinopril, hizo zinaleta kikohozi kikavu kinachowasha kabisa kwa baadhi ya watu, na dawa yake ni daktari kumbadilishia mgonjwa dawa ya presha, na kikohozi kinaondoka taratibu chenyewe. Kwahiyo kama mama yako anakohoa miezi na anameza presha, angalia kwanza jina lililoandikwa kwenye boksi lake kabla hujamtumia kitu kutoka China. Na asiiache ghafla peke yake, aende kwa daktari.

Mimi picha ilikuwa safi, pumu hakuna, dawa za presha simezi. Daktari akanieleza kwamba kikohozi cha baada ya mafua kinaweza kukaa kati ya wiki 3 na 8, na kikipita 8 ndo wanakiita sugu. Cha kwangu kilishapita hapo. Akasema ukitaka nenda upande wa tiba ya Kichina, na alisema bila dharau yoyote, maana huku hospitali kubwa nyingi zina upande huo na daktari wa kisasa kukupeleka kule ni jambo la kawaida.

Kliniki niliyoenda ni ndogo tu ya mtaani, jina silitaji. Unalipia kujiandikisha, unapewa namba, unasubiri. Daktari ni mama wa makamo, mpole, anaweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, anakaa kimya muda mrefu, anahamia wa kulia, afu anakwambia toa ulimi. Ulimi wangu ulikuwa mwekundu, mkavu, utando wake kidogo sana, akauonyesha kwa kidole kwenye kioo nami nikauona. Akauliza kama napenda maji ya moto au ya baridi, choo kikoje, nalala saa ngapi, nakula pilipili kiasi gani. Kwa lugha yao akasema mapafu na tumbo vimekauka, na pumzi ambayo inatakiwa kushuka inapanda juu, ndo inakuwa kikohozi. Uiamini hiyo lugha au usiiamini, dalili zangu alizitaja zote kabla sijamaliza kueleza, na hilo lilinipa moyo.

Akaandika Mai Men Dong Tang. Hii fomula ni ya kale kwelikweli, inatoka kwa Zhang Zhongjing, tabibu wa mwisho wa enzi ya Han, karne ya 2 kuingia ya 3, imo kwenye kitabu chake kinachojulikana kama Jin Gui Yao Lue. Ina vitu sita tu. Mai dong, kile kizizi kidogo cheupe cha njano kinachong'aa kidogo kama kimelowa, ndo bosi wa chungu. Ban xia, ambayo ni kiazi kidogo kilichosindikwa. Ren shen, yaani jinseng. Gan cao, ule mzizi mtamu ambao watu wa pwani wanaujua kama urukususu. Kunazi nyekundu zilizokaushwa, zile wengi wanadhani ni tende. Na mchele. Ndio, mchele, ule mfupi wa kunata kidogo, unaingia kwenye chungu cha dawa na una kazi yake, wanasema unalisha tumbo na tumbo nalo linalisha mapafu.

Kilichonivutia zaidi ni hesabu ya ndani. Ban xia kwa tabia yake inakausha, sasa unajiuliza mtu amekauka anapewaje kitu cha kukausha. Zhang Zhongjing aliandika mai dong vipimo 7 kwa ban xia kipimo 1. Yaani mai dong inalainisha kwa wingi, na ile ban xia kidogo kazi yake ni kushusha pumzi iliyopanda na kung'oa yale makohozi yanayonata, na kwa sababu ni kidogo haiwezi kumkausha mgonjwa, na yenyewe inazuia mai dong isikae tumboni ikaleta uzito. Vitabu vya kufundishia vya siku hizi vinaandika kama gramu 42 za mai dong kwa gramu 6 za ban xia, jinseng 9, gan cao 6, mchele kidogo na kunazi 4, uwiano ni uleule wa miaka 1800 hivi iliyopita. Mimi hapo nilikaa nikaiheshimu hii kitu. Ukikutana na mtu anakuuzia kwa jina hili ila mai dong imekuwa kiganja na ban xia kiganja, hiyo sio yenyewe.

Kwangu daktari alibadilisha kidogo, akatoa jinseng akaweka bei sha shen, mzizi mweupe mrefu mwembamba ambao wanasema unapooza zaidi, afu akaongeza pi pa ye, majani ya mlokwati. Ndo kawaida yao, fomula ni msingi, mgonjwa ndo anaamua nyongeza, na ndo maana naona kwenda kukaa mbele ya mtu kunashinda kununua kopo.

Duka la dawa lilikuwa mlango wa pili. Hapa ningekaa kutwa nzima. Ukuta wote ni vidroo vidogo vya mbao, kila kimoja na maandishi, kijana anavuta kimoja anapima kwa mizani anamwaga kwenye karatasi, anavuta kingine, mpaka mstari wa vifurushi umejaa kaunta, na kunanukia vizuri ajabu. Nikamuuliza mai dong inatoka wapi akasema ipo ya jimbo la Sichuan na ipo ya jimbo la Zhejiang. Ya Sichuan inavunwa baada ya kama mwaka mmoja, ni ya bei ya kawaida, na ya Zhejiang inakaa ardhini mpaka miaka mitatu ndo ivunwe, kwahiyo bei yake iko juu. Nilichukua ya Sichuan na imenifaa. Ukitaka kujua nzuri ichukue utafune, inakuwa laini inanata kwenye meno, ina utamu na uchungu kwa mbali sana. Ikiwa ngumu ya kuvunjika kama kijiti na haina harufu yoyote, hiyo imekaa sana. Mwenye muda aende soko la Qingping kule Liwan, ni soko la miaka mingi la dawa za asili na vyakula vikavu, utaona mai dong imerundikwa kwenye magunia, ila kule nunua kama macho yako yameshazoea.

Kuhusu ban xia lazima niseme kwa ukali. Mbichi ni sumu. Inachoma ulimi na koo, inaleta ganzi, na hapa China ile mbichi imo kwenye orodha ya dawa zenye sumu zinazodhibitiwa kwa kanuni za 1988, haiuzwi ovyo. Inayoingia kwenye chungu ni iliyosindikwa, kuna inayosindikwa na tangawizi na shabu, kuna inayosindikwa na chokaa na gan cao. Duka lenye leseni hawatakukosea, ila wale wa kununua unga kwenye mfuko wa nailoni usio na maandishi kwa sababu umeambiwa ni dawa ya kikohozi, nawaomba msifanye hivyo.

Kupika ni kazi ila sio ngumu. Chungu cha udongo, sio sufuria la bati wala la chuma. Unaloweka kila kitu kwenye maji ya baridi nusu saa, moto mkali mpaka ichemke, unapunguza moto unaacha nusu saa nyingine, unachuja. Unaongeza maji unapika mara ya pili, unachanganya maji yote mawili, unagawa unakunywa ya vuguvugu. Mimi niligawa mara tatu na ya mwisho nilikunywa kabla ya kulala. Kwa mujibu wa maandishi ya zamani ni mara tatu mchana na moja usiku, na kwa kikohozi kinachosumbua usiku naona hilo lina akili.

Ladha sasa. Wanaozijua dawa za Kichina wanajua zile nyeusi chungu za kufumba macho. Hii sio hivyo hata kidogo. Ina rangi ya chai nyepesi, ni tamu ya gan cao na kunazi, mchele unaifanya kuwa nzito kidogo inateleza, na uchungu ni mwembamba mwishoni. Mtoto wa jirani alionja akataka zaidi, sikumpa. Inavyoshuka kooni unaisikia inapita pale panapowasha na pale panapoa. Sio baridi ya minti, ni kulainika.

Matokeo yalianza usiku, na hilo ndo lililonifurahisha kuliko yote. Siku za kwanza mchana niliendelea kukohoa ila usiku nikaanza kulala vipande virefu. Baadaye midomo ikaacha kukauka, afu nikaona namaliza simu ya mteja bila kukata. Nilipomaliza dozi ya kwanza, yaani vile vifurushi vyote vya siku kadhaa, nikarudi kwa daktari, akaangalia ulimi, akapunguza mai dong kidogo, akanipa nyingine, na ndani ya hiyo ya pili kikohozi kikawa kimebaki asubuhi tu, mara moja moja. Sasa hivi hakuna. Je ni dawa au kilikuwa kinakaribia kuisha chenyewe? Kikohozi cha baada ya mafua kina tabia ya kuisha chenyewe, hilo lazima lisemwe, na tafiti za binadamu kuhusu fomula hii nyingi ni ndogo. Ila kule kulala usiku kulianza na chungu na sio kabla, na mimi napima kwa hilo.

Wajapani nao wanaitumia hiihii, kwao inaitwa bakumondoto, imefanywa unga wa chengachenga kwenye vipakiti, ya kampuni ya Tsumura ina namba 29, daktari wa hospitali anaiandika na bima ya afya ya taifa inalipia. Mchanganyiko wao ni mai dong gramu 10 kwa ban xia 5 kwa siku, sio ile 7 kwa 1. Kwa msafiri au mtu asiye na jiko hiyo ni njia rahisi mno.

Na huduma ya kupikiwa ipo, duka linakupikia wanafunga kwenye pakiti za plastiki, kila unapokunywa ni pakiti moja, inaletwa mpaka mlangoni, unaitumbukiza kwenye maji ya moto unakunywa. Nilijaribu kwenye ile dozi ya pili. Inaokoa muda sana hasa wiki ya kupakia kontena, ila ile niliyoletewa ilikuwa nyepesi, ule uzito wa mchele sikuuona kabisa, na kwenye pakiti hakukuwa na jina langu wala orodha ya vilivyomo, tarehe tu. Hilo halikunipendeza. Kama una nafasi pika mwenyewe, tofauti utaiona.

Najua mtu atasema si unywe tu ile Pei Pa Koa ya Nin Jiom ya Hong Kong, ile chupa ya sirapu nyeusi nzito. Ile naipenda na nyumbani kwangu haikosekani, ina asali, majani ya mlokwati, chuan bei ambayo ni kitunguu kidogo cha dawa, na minti, na kwa koo lililochoka kuongea inatuliza palepale. Ila ni sirapu, ina asali na sukari nyingi, mwenye kisukari aangalie, na kwa kikohozi kilichokaa muda mrefu nimeona inatuliza saa chache afu kinarudi. Naiweka kwenye begi kwa ajili ya koo. Chungu ndo kwa ajili ya kikohozi. Peasi la kuchemsha na sukari ya mawe wanalokupa majirani nalo ni zuri, tamu, halina madhara, kula tu.

Nani asinywe hii? Mwenye makohozi mengi meupe ya maji na anasikia baridi, hii itamzidishia. Mwenye homa na makohozi mazito ya njano, aende hospitali. Mwenye presha awe makini sana kwa sababu ya gan cao, ikinywewa kwa wingi au muda mrefu inapandisha presha na kushusha potasiamu mwilini, miguu inavimba, misuli inakosa nguvu, na ukiwa unameza dawa za kukojoza maji kama furosemide au dawa ya moyo ya digoksini ndo hatari zaidi. Anayetumia warfarin amwambie daktari kama kwenye chungu kuna jinseng. Mjamzito asijipikie, aulize. Na yeyote mwambie daktari wa Kichina dawa zote za hospitali unazomeza, na wa hospitali mwambie unakunywa nini kwenye chungu, hawa wawili wasifichwe.

Bei, kwa mimi ilikuja kama yuan 30 hivi kwa dozi ya siku kwa sababu mai dong inaingia nyingi, ukiweka jinseng halisi inapanda, ukiweka ya Zhejiang inapanda tena. Kumuona daktari kulikuwa nafuu kuliko nilivyotegemea. Kwa huduma ya yule mama daktari natoa tano kwa tano, kwa duka la vidroo nne na nusu maana kijana alinieleza kila kitu kwa subira japo Kichina changu ni cha mizigo, kwa zile pakiti za kupikiwa tatu. Fomula yenyewe, kwa kikohozi kikavu cha koo kuwasha baada ya mafua, tano bila kusita.

Mwenye kuja huku na kikohozi hiki aje na ripoti zake za hospitali za nyumbani, picha ya kifua na orodha ya dawa anazomeza. Akishaandikiwa, apige picha karatasi yote yenye maandishi ya Kichina na vipimo vya gramu, asiitupe, maana hiyo karatasi daktari mwingine wa Kichina ataisoma aelewe alipewa nini, na siku akienda hospitali wakauliza amekunywa nini ana kitu cha kuwaonyesha. Na wanaonitumia ujumbe niwatumie kwenye kontena, hiyo sifanyi, siwezi kuuona ulimi wa mtu kutoka huku wala sijui anameza nini.